Ini la Kigezo

Kila Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa, dereva wa gari la wagonjwa alivua shati, akapanda kitandani katika chumba cha ultrasaundi, na kuanza kulalamika.

"Shemeji, hiyo jeli umeitoa kwenye friji?"

"Nimeitoa kwenye moyo wako. Lala."

Walikwenda hivyo miaka kumi na moja. Mpiga picha, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Picha, alikuwa mjane wa kaka yake dereva. Ajali ilipomchukua mumewe, alibaki na watoto wawili wadogo na cheti kipya ambacho wino wake ulikuwa bado unanuka. Dereva ndiye aliyehamisha vitanda, akasaini fomu za shule, akakaa kwenye vikao vya wazazi akitikisa kichwa kana kwamba hesabu za darasa la sita anazielewa. Watoto walimwita baba mdogo, na yeye akalichukua jina hilo kama ajira: aliripoti mapema na hakuomba likizo hata siku moja.

Mashine ya ultrasaundi walipewa na hospitali nyingine iliyokwisha kuichoka. Ilifika bila kitabu cha maelekezo, na kitufe chake cha mwanga kilikuwa kinazunguka ovyo kama kichwa cha mlevi. Daktari mkuu, mama mmoja mwenye miwani mizito na maneno machache, akatoa dawa yake: tafuteni mtu mmoja mwenye afya, mpigeni picha ya ini, zungusheni kitufe mpaka ini lionekane kama inavyotakiwa, kisha picha hiyo ibandikeni ukutani. Kila Jumatatu mlazeni mtu huyohuyo, mrekebishe mashine mpaka picha ya siku hiyo ifanane na ile ya ukutani. Wiki nzima mtafanya kazi kwa mwanga huo.

Siku hizo dereva alikuwa mwembamba, huwezi kumwona akisimama nyuma ya mlingoti. Pombe hanywi, sigara havuti. Ini lake lilitoka kijivu tulivu, rangi moja na figo lililo chini yake, ukingo wake umenyooka. Daktari mkuu aliinama kwenye kioo, akasema, "Huyu ndiye kigezo chetu." Jina likamganda.

Naye alilipenda. Alilivaa kama kofia mpya.

"Mkimwambia mtu ini lako zima, maana yake linafanana na langu," aliwaambia wauguzi. "Mji mzima huu unapimwa kwa tumbo langu. Na bado chai mnaninyima sukari."

Sukari hakunyimwa. Hapo ndipo penyewe. Kazi ya gari la wagonjwa ni kukaa: unakaa unasubiri, unakaa unaendesha, unakaa nje ya wodi. Kigezo alikaa na soda mkononi, mbili kwa siku, tatu siku ya joto, na mkate kwenye kisanduku cha mbele ya gari. Kitambi kikaja polepole, kwa adabu, kama mgeni anayesema hakai sana. Watu wakampongeza kwamba maisha yamemkubali. Mama Picha hakumpongeza, alimtania.

"Shemeji, hii mimba ina miezi mingapi?"

"Wewe si ndiye mwenye mashine? Niambie basi kama wa kiume."

"Wa kiume. Anafanana na wewe, naye amekaa tu."

Wakacheka mpaka foleni ya nje ikasogea kutaka kujua kuna nini. Kisha akageukia kitufe, akakizungusha kidogo tu, picha ikafanana na ya ukutani, akaandika namba ya kitufe kwenye daftari la Jumatatu. "Ondoka. Nina watu arobaini."

Ng'ambo ya korido kulikuwa na maabara, na katika maabara kulikuwa na mtu aliyeitwa Mbu kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyonya watu damu. Mbu na Mama Picha walitaniana kwa zamu. Mbu alisema picha ni uchawi wa vivuli, Mama Picha akasema damu ni maji yenye maringo. Wagonjwa walisubiri majibu huku wakisikiliza tamthilia.

Miaka miwili nyuma, wafanyakazi walipopimwa afya, Mbu alivuka korido na karatasi.

"Mama Picha, ini la Kigezo linalalamika. Vimeng'enya vyake kwenye damu vimepanda. Si sana, lakini vimepanda."

"Ini la Kigezo?" Mama Picha hakuinua hata macho. "Wewe Mbu, ini hilo ndilo tunalopimia mengine! Kama damu yako haifanani nalo, kaoshe vichupa vyako."

Mbu akacheka, maana ilikuwa zamu yake ya kushindwa. Daktari mkuu naye alipouliza, Mama Picha alimjibu kwa heshima zaidi lakini jibu ni lilelile: namlaza kila Jumatatu, Daktari, ini safi. Daktari akasaini. Karatasi ikaingia kwenye faili, faili likaingia kabatini.

* * *

Mashine mpya ilifika Jumatatu ya mvua, ikiwa na fundi wake, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na sanduku la vifaa. Ilikuwa na kioo kipana na mwanga uliopangwa huko ilikotengenezwa. Mama Picha aliizunguka mara mbili kama bibi harusi anayekagua kitanda.

"Njoo, Kigezo. Leo unavishwa suti mpya."

Kigezo akalala. Jeli ikapakwa, malalamiko yakatolewa. Mama Picha akaweka mkono wa mashine chini ya mbavu za kulia, na kioo kikajaa weupe.

"Fundi, mashine yako mbovu."

"Imetoka kwenye boksi sasa hivi, mama."

"Basi imetoka na ugonjwa wake. Hebu ona. Hili ni ini au ni ukungu?"

Fundi hakubishana. Alijilaza kwenye kiti, akapandisha fulana, akajipaka jeli na kuweka mkono wa mashine kwenye ubavu wake mwenyewe. Ini likatoka kijivu tulivu. Akamwomba Mama Picha naye. Mama Picha, huku akinung'unika kwamba hajawahi kuonyesha tumbo kwa mwanamume bila mahari, akajipima mwenyewe juu ya kiuno cha sketi. Kijivu. Akarudi kwa Kigezo.

Nyeupe.

Mkono wake ukafanya kile ulichofundishwa chuoni zamani, kabla ya foleni za watu arobaini: akauinamisha kidogo, ini na figo vikaingia kwenye picha moja. Vitu hivyo viwili havidanganyiki na kitufe. Ukipandisha mwanga vinapanda pamoja, ukishusha vinashuka pamoja. Katika mtu mwenye afya vinakaribiana rangi. Hapa ini lilikuwa kama maziwa, na figo chini yake jeusi kama tundu la kisima. Akafuata ukingo wa ini. Ulitakiwa kunyooka. Ulikuwa na vinundu, kama barabara ya vumbi baada ya malori. Akahamia kushoto, akautazama wengu. Ulikuwa umevimba.

Mvua ilikuwa inagonga bati. Fundi alikuwa amekwisha kuona, akaanza kupanga nyaya zake kwa umakini usiohitajika.

"Mbona kimya, shemeji?" Kigezo akauliza kutoka kitandani, macho darini. "Wa kike nini?"

Mama Picha akachukua karatasi laini na kuanza kumfuta jeli. Siku zote alimrushia karatasi ajifute mwenyewe. Leo alimfuta taratibu, kama anavyofutwa mtoto.

"Vaa shati," akasema. "Pitia kwa Mbu akutoe damu."

"Leo? Nimemkosea nini Mbu?"

"Nenda tu, baba."

Hakuwahi kumwita baba. Kigezo akamtazama, akafunga vifungo vya shati kimoja kimoja, akatoka bila utani.

Fundi alibaki. Daftari la Jumatatu lilikuwa wazi juu ya meza, naye alikuwa analifunua kwa kidole kimoja, mwaka baada ya mwaka.

"Hizi ni namba za kitufe cha mwanga?"

"Ndiyo. Ile mashine ya zamani ilikuwa imezeeka, ilibidi niirekebishe kila wiki."

"Hapa mwanzo sitini na mbili. Hapa hamsini na tano. Hapa arobaini na tisa. Wiki iliyopita thelathini na nane." "Mama, mashine ikizeeka picha yake inaingia giza. Mtu anaongeza mwanga. Wewe ulikuwa unapunguza."

Mama Picha akashika ukingo wa kitanda.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka kumi na moja ini la shemeji yake lilikuwa linapauka mbele ya macho yake, kidogo kidogo, na kila Jumatatu yeye aliushusha mwanga mpaka lifanane na picha ya ukutani. Kwa mkono wake. Kisha akaandika namba na kumfukuza.

* * *

Kwa kawaida Mbu alipiga kelele za majibu kutoka dirishani kwake. Mchana huo alivuka korido mwenyewe, akaingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Vimeng'enya viko juu," akasema. "Lakini si hivyo vinavyonitisha. Chembe zinazogandisha damu zimeshuka mno. Protini ya ini nayo imeshuka. Virusi hana, nimepima mara mbili." Akaiweka karatasi mezani. "Mwaka juzi nilikuja na karatasi kama hii."

"Ulikuja."

"Nikacheka na wewe."

"Ulicheka kwa sababu nilikuchekesha, Mbu."

Nje mtu aliuliza kama leo ultrasaundi haifanyi kazi.

Daktari mkuu alisoma karatasi na picha kwa muda mrefu, kisha akavua miwani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mafuta yalikaa ndani ya ini miaka, alisema, ini likajaa makovu, sasa linakakamaa. Kule hospitali kubwa wangepima ugumu wake, lakini yeye alikwisha kujua. Mafuta yakishikwa mapema huondoka: mtu anapunguza uzito, anaacha soda, anatembea, ini linajisafisha lenyewe. Makovu ya kiasi hiki hayaondoki. Wangeweza kumsogezea siku. Hakusema ngapi.

"Nani atamwambia?" Daktari akauliza.

"Mimi," akasema Mama Picha.

Alimkuta Kigezo nyuma ya chumba cha kufulia, ambako gari la wagonjwa huegeshwa. Mvua ilikuwa imekatika, naye alikuwa anafuta kioo cha mbele kilichokwisha kuwa safi. Mama Picha alikuwa ameyapanga maneno yake njiani. Yalipofika mdomoni yakatawanyika kama kuku. Akasema tu yote, kama yalivyo. Mafuta. Makovu. Kitufe. Namba za daftari. Karatasi ya mwaka juzi.

Kigezo alisikiliza huku kitambaa kikidondosha maji juu ya kiatu chake.

"Subiri," akasema mwishoni. "Nielewe vizuri. Wewe umenilaza mbele yako kila Jumatatu. Miaka kumi na moja."

"Ndiyo."

"Na ilikuwa inaonekana."

"Ilikuwa inaonekana."

"Sasa ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia mashine, shemeji." "Jumatatu nilikuwa naangalia mashine. Sikuwa nakuangalia wewe."

Kigezo akatabasamu kwa mazoea, maana uso wake haukujua kazi nyingine mbele ya mwanamke huyu. Kisha tabasamu likaanguka.

"Mtu wa barabarani, hata jina humjui, akija na karatasi ya daktari unamtazama nusu saa. Mimi uliniambia ondoka, nina watu arobaini." Akakikamua kitambaa. "Kaka aliniachia wewe nikutunze. Nilidhani na wewe uliachiwa mimi."

Akaingia garini, akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Siku tatu hakupokea simu ya mtu yeyote wa nyumba ile. Jioni ya pili binti wa Mama Picha, sasa mwalimu, aliuliza, "Mama, baba mdogo tumemkosea nini?" Mama Picha akamwambia. Alidhani kusema kwa mara ya pili kungekuwa kwepesi. Hakukuwa. Binti hakumlaumu, hakumfariji pia. Aliosha vyombo vyote, akaviosha tena.

Kuhusu foleni, watu waliendelea kuja. Mama Picha sasa alipima kila mmoja kwa ini na figo katika picha moja, picha ya ukutani akiwa ameigeuza ielekee saruji. Na kila aliyepanda kitandani alimletea swali lilelile kifuani, lile ambalo tangu Jumatatu alikuwa analikwepa kama mtu anavyokwepa kutia ulimi kwenye jino bovu. Waliopita kitandani hapa miaka hii ya karibuni na kuambiwa wako safi, walikuwa safi kweli, au walifanana na Kigezo tu?

Akaenda kwa Mbu. Hawakutaniana. Walitoa vitabu vyao, cha damu na cha picha, wakaviweka sambamba na kusoma jina kwa jina: nani damu yake ililalamika na picha yake ikanyamaza. Walipata watu ishirini na sita. Daktari mkuu alisoma orodha, akasema warudishwe wote, na kwamba barua kwa wakubwa ataandika yeye na jina lake litakuwa la kwanza, kwa kuwa ushauri wa kigezo ulitoka kinywani mwake. Wakapiga simu. Saba walipatikana. Nyingine zote ziliimba kwamba namba haipo.

Ijumaa asubuhi Kigezo alisimama mlangoni pa chumba cha ultrasaundi. Hakuingia. Macho yake, Mama Picha aliona sasa jinsi weupe wake ulivyokuwa na umanjano kwenye kona, na alijiuliza umanjano ule ulianza lini.

"Bado nimekasirika," Kigezo akasema. "Usinichekee."

"Sicheki."

"Mke wangu analia chumbani, mimi nikiingia anajifanya anapanga nguo. Kwa hiyo nimekasirika na nitaendelea. Hilo moja. La pili, Mbu ameniambia habari za hao watu mnaowatafuta." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo orodha."

Akaisoma kwa macho yaliyokunjamana.

"Huyu namjua, nilimleta akijifungua. Huyu amehama, yuko nyuma ya kiwanda cha matofali. Huyu namba ya simu hawezi kuwa nayo, anapoteza simu kila mwezi. Nyumba za hawa nazijua zote. Daktari amesema kesho nakabidhi funguo, kwa sababu ini hili limeanza kuniletea usingizi mchana. Leo niko macho. Chukua koti lako."

"Shemeji, si lazima wewe..."

"Wamepimwa kwa ini langu," akasema Kigezo. "Sasa nimwachie nani?"

* * *

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mshonaji, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, aliyekaa kibarazani nyuma ya cherehani na pini tatu mdomoni. Aliona gari la wagonjwa likisimama, akazitoa pini moja moja.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama," akasema Kigezo kutoka dirishani. "Tumekuja kukuchukua ukapimwe tena."

"Nilikwisha kupimwa, mwaka jana. Huyu huyu," akamnyooshea Mama Picha mkasi, "aliniambia niko safi. Nikafurahi, nikanunua soda kreti nzima, nikagawia majirani."

Mama Picha alishuka. Alisimama mbele ya cherehani kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Nilikuambia uko safi, na sikukupima vizuri. Kosa ni langu, si la mashine. Inawezekana uko safi kweli. Inawezekana ini lako lina mafuta. Kama ni mafuta, mwaka mmoja bado si kitu, yanaondoka. Ndiyo maana nimekuja leo, sikusubiri kesho."

Mshonaji akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni, akipima, kama anavyopima watu kwa kazi yake.

"Yakikaa yanakuwaje?"

Mama Picha akageuza macho kuelekea garini.

"Yanakuwa mimi," akasema Kigezo. "Panda, mama. Kiti cha mbele, huko nyuma kunanuka dawa."

Mshonaji alimaliza mshono uliokuwa chini ya sindano, maana hakuwa mtu wa kuacha mshono katikati, akafunika cherehani kwa shuka, akapanda mbele. Mama Picha akaingia nyuma, kwenye benchi kando ya machela, ambako ndugu wa wagonjwa hukaa. Kupitia kidirisha aliliona bega la shemeji yake, na jinsi shati lilivyokuwa limeanza kulegea shingoni wakati tumbo likibana chini. Aliangalia. Aliangalia kila kitu: mshipa kwenye shingo, mkono uliotetemeka kidogo kabla ya kushika gia, namna alivyopumua mara mbili kabla ya kuwasha.

"Haya, shemeji," Kigezo akasema bila kugeuka. "Nyumba ya pili ni ya nani?"

Orodha alikuwa nayo mapajani. Alijaribu kusoma, herufi zikaelea. Akafuta macho kwa mkono wa koti, akajaribu tena, zikaelea tena.

Kigezo hakurudia swali. Alisubiri, injini ikinguruma.

Mshonaji ndiye aliyepitisha mkono kwenye kidirisha, akaichukua karatasi taratibu kutoka vidoleni mwa Mama Picha, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, na kusoma jina linalofuata.